Kulinganisha Medjool na Deglet Noor: uanzie wapi

Mkuu, umeuliza upime nini kwanza kati ya Medjool na Deglet Noor, aina mbili za tende. Pima uzito wa tende 20 za kila aina, toa kokwa, upime tena. Kwa ukubwa Medjool itashinda tu. Penye kazi ni unyevu. Ukikausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi, fruktosi (sukari ya matunda) huvunjika, uzito unashuka, nawe unadhani ni maji. Tumia 70 kwenye oveni ya vakyumu (inayoondolewa hewa) mpaka uzito utulie. Kwa sukari, saga gramu 10 za nyama ya tende na 90 za maji, chuja, soma Briksi (kipimo cha sukari iliyoyeyuka), zidisha kwa 10. Ila Briksi haitofautishi aina za sukari: Deglet Noor ina sukrosi nyingi, Medjool ni glukosi na fruktosi zaidi. Madoa meupe juu ya ganda, ni sukari au ukungu? Pasha kidogo, sukari huyeyuka, ukungu hubaki.