Jibu: Nukta na mkato katika hati za Ujerumani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mnunuzi wa Ujerumani ameandika kwamba amepokea "1.250 kg" za katani, ilhali mzigo ulioutoa hapa Tanga ulizidi tani moja. Hujapunjwa. Wajerumani hutenganisha maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, kinyume cha sisi tuliorithi desturi ya Uingereza, hivyo 1.250,75 yao ndiyo 1,250.75 yetu. Wafaransa huacha nafasi: 1 250,75. Wahindi, ambao neno letu laki limetoka kwao, huandika laki kumi na mbili na nusu hivi: 12,50,000. Kwa kuwa mkanganyiko huu huweza kumtia mtu hasara, nakusihi katika hati zako uandike 1 250 kwa nafasi, kisha uongeze kiasi kwa maneno.