Floraidi, chemchemi na sola: kwa nini nachora masharti kabla ya kupiga hesabu

Ukiishi kuzunguka Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, huhitaji kusimuliwa habari za floraidi. Unaiona kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa, na kwa baadhi ya watoto unaiona hadi kwenye miguu iliyopinda. Maji yanapita kwenye miamba ya volkano, na yanatoka na floraidi. Kwa hiyo mhandisi anayebuni mradi wa maji huku hana ruhusa ya kuichukulia floraidi kama kazi ya mkemia peke yake. Nimefanya kazi hii Arusha vya kutosha kuamini kwamba namna bora ya kulionyesha hilo ni mchoro wa parametriki, na ndiyo sababu namsihi kila mhandisi kijana ajifunze kuuchora.

Mchoro huu ni sehemu ya SysML, lugha ya michoro ya uhandisi wa mifumo ambayo OMG (Object Management Group), shirika la viwango vya programu, ilitoa toleo lake la 1.0 mwaka 2007. Michoro mingine ya lugha hiyo inaeleza mfumo umeundwa na nini na unafanya nini. Huu unaeleza thamani zipi zimefungamana na zipi, na kwa kanuni gani. Unaandika kanuni ndani ya bloku ya sharti, yaani kisanduku cha kanuni, unaorodhesha vigezo vyake, kisha kila kigezo unakiunga na sifa ya kitu halisi: ujazo wa pampu, kina cha kisima, uwezo wa paneli. Mstari unaounga una maana moja tu: huku na kule ni thamani ile ile. Hauna mwelekeo, na hapo ndipo nguvu ya mchoro ilipo, kama utakavyoona.

Tuchukue mfano wa kijiji kinachohitaji mita za ujazo 20 za maji kwa siku. Kuna kisima kirefu chenye floraidi miligramu 6 kwa lita, na chemchemi yenye miligramu 0.5. Tunachanganya maji ya vyanzo hivi viwili kwenye tangi moja. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Bloku ya kwanza ni ya mchanganyiko: floraidi ya tangi ni jumla ya ujazo wa kila chanzo mara floraidi yake, ugawe kwa ujazo wote. Bloku ya pili ni ya nishati ya pampu: uzito wa maji mara urefu wa kuyapandisha, ugawe kwa ufanisi wa pampu na mota. Bloku ya tatu ni ya paneli: nishati ya siku ugawe kwa saa za jua kali. Mkemia anaijua ya kwanza, fundi pampu ya pili, fundi sola ya tatu. Kwa kawaida kila mmoja ana jedwali lake la Excel kwenye kompyuta yake, na hakuna anayeona la mwenzake.

Sasa unga. Ujazo wa kisima kwenye bloku ya mchanganyiko na ujazo wa kisima kwenye bloku ya pampu ni kitu kimoja, kwa hiyo vyote viwili viungwe na sifa moja ya kisima. Ukishafanya hivyo, kikomo cha 1.5 kinasema kisima kitoe takriban asilimia 18 tu ya maji, yaani mita za ujazo 3.6 kwa siku. Tukichukua kupandisha mita 80 na ufanisi wa asilimia 40, pampu inahitaji kama kilowati-saa 2 kwa siku. Kwa saa 5 za jua kali, hiyo ni paneli za kilowati 0.4, kabla ya kuongeza akiba ya vumbi na mawingu. Fundi sola ambaye hakuona bloku ya floraidi angebuni kwa mita zote 20 za ujazo, akafika karibu kilowati-saa 11 kwa siku na paneli za zaidi ya kilowati 2. Fedha za wanakijiji zingeishia kwenye paneli za kusukuma maji ambayo hayafai kunywewa na mtoto.

Na kikomo chenyewe usikizike ndani ya kanuni. Kipe jina na kiweke pembeni kama kigezo. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Kwa kikomo hicho, kisima hiki hiki kingeruhusiwa kutoa karibu mita 12.7 kati ya 20. Ukibadilisha namba moja, pampu, bomba na sola vyote vinabadilika. Mradi wa zamani ukiukagua kwa kiwango cha leo, jibu unalipata siku hiyo hiyo.

Thamani kubwa zaidi niliiona mezani na kamati ya maji. Mchoro ulikuwa kwenye karatasi kubwa, na mama mmoja mweka hazina akauliza, "Mhandisi, kiangazi chemchemi ikipungua, si mtafungulia tu kisima zaidi?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wataalamu. Kwa sababu sharti halina mwelekeo, kanuni ile ile unaisoma kutoka upande wa pili. Tuseme chemchemi imeshuka hadi mita 9: jumla ya maji salama inakuwa mita 11, na kisima kinatakiwa kutoa 2. Chemchemi ikipungua, na kisima nacho kinapaswa kupunguzwa. Alipoona hivyo kwenye karatasi akasema, "Basi kiangazi tuna maji nusu." Ni kweli, na ni bora kamati ijue hilo kabla ya kuchimba mitaro kuliko baada.

Kutoka hapo mazungumzo yakaenda kwenye chujio la mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa ambayo hunasa floraidi, ambalo kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Chujio likishusha floraidi ya kisima hadi miligramu 2, mita 9 za chemchemi na 11 za kisima zinatoa mchanganyiko wa miligramu 1.3 hivi. Maji ya siku yanatosha. Lakini pampu sasa inataka kilowati-saa 6, na paneli ziwe mara tatu ya zile za mwanzo. Gharama ya chujio na gharama ya sola ni uamuzi mmoja, na mchoro unalazimisha zijadiliwe pamoja.

Ushauri mwingine nauseme haraka. Andika vizio kwenye kila thamani, kwa sababu fundi pampu anaongea lita kwa sekunde na kamati inaongea mita za ujazo kwa siku. Bloku iwe ndogo, kanuni moja tu. Msuguano wa bomba mpe bloku yake, maana upotevu hupanda kwa kinyume cha kipenyo kwa kipeo cha tano: kutoka bomba la inchi 2 kwenda inchi moja na nusu, kwa maji yale yale, unaongezeka zaidi ya mara nne. Usichore kila kanuni unayoijua. Chora zile ambapo fani mbili zinagombania namba moja. Na kumbuka mchoro wenyewe haukokotoi. Programu ya Papyrus ni ya bure na inatosha kuchorea, hesabu unaweza kuzifanya kwa programu nyingine. Ukiwa kwenye SysML toleo la 2, masharti unaweza kuyaandika kwa maandishi moja kwa moja.

Jambo la mwisho ambalo siliachi kamwe: floraidi ya kisima iandikwe pamoja na tarehe ya kipimo. Maji ya ardhini hubadilika kwa msimu, kwa hiyo naomba sampuli ichukuliwe mwishoni mwa kiangazi na nyingine baada ya masika, na hesabu zifanywe kwa ile mbaya zaidi. Nakala ya mchoro naiacha kwa kamati, ili kipimo kipya kikitoka wajue ni namba ipi ya kufuta na wampigie nani.