Plinius wa mwaka 1855? Mtindo wa marejeleo katika makala inayoandikwa na wengi

Swali: Tuko watatu, tunaandika pamoja makala ya Kiswahili kuhusu biashara ya Warumi katika Bahari ya Hindi. Mmoja wetu anatumia mtindo wa APA (mwandishi na mwaka kwenye mabano), mwingine mtindo wa Chicago wenye tanbihi, na mimi hunakili rejeleo kama nilivyolikuta. Sasa, kwa mwandishi yuleyule wa Kirumi, aya moja ina "(Plinius, 1855)", nyingine "Plinius 12.41", nyingine "Plinius 12.84". Tuchague mtindo upi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua kati ya APA na Chicago, tenganisheni kwanza vyanzo vya kale na maandishi ya wanazuoni wa leo. Mkishafanya hivyo, sehemu kubwa ya ubishi wenu itakwisha, kwa sababu vyanzo vya kale vina utaratibu wake ambao haubadiliki kwa mtindo wowote: jina la mwandishi, jina la kazi, kisha kitabu, sura na kifungu. Namba ya ukurasa haimsaidii mtu mwenye toleo tofauti na lenu. Hata APA yenyewe inaruhusu namba hizo za kifungu kwa maandiko ya kale.

Mwaka 1855 ni mwaka ambao tafsiri ya Kiingereza ya kazi yake, iliyofanywa na Bostock na Riley, ilianza kuchapishwa. Plinius Mzee alifariki mwaka 79 BK, volkano ya Vesuvio huko Italia ilipolipuka. Msomaji akikuta "(Plinius, 1855)" katikati ya aya inayohusu karne ya kwanza, hana namna ya kujua ushahidi huo ni wa lini.

Tuje kwenye 12.41 na 12.84. Ni mahali pamoja. Kazi ya Plinius, Naturalis Historia, ina namba za aina mbili: sura ndefu za matoleo ya zamani, na vifungu vifupi vinavyotumiwa na wanazuoni wa sasa. Sura ya 41 ya kitabu cha 12 inaishia na kifungu cha 84, pale anapolalamika kwamba India, nchi ya Waseres (watu wa hariri, yaani Wachina) na Arabia huchota kutoka himaya ya Kirumi sestertius (sarafu za Kirumi) milioni 100 kila mwaka. Mkiandika 12.41 tu, mwenye toleo jipya atafungua kifungu cha 41 na kukuta maelezo ya mimea. Tumieni kifungu, yaani 12.84, au andikeni namba zote tatu: 12.41.84.

Tafsiri nayo itajwe kila mnaponukuu maneno au takwimu. Katika 6.101 Plinius anaeleza kiasi ambacho India pekee humeza kwa mwaka. Tafsiri ya Rackham katika Loeb, mfululizo wa vitabu vya kale pamoja na tafsiri zake, inasema sestertius milioni 50. Ya Bostock na Riley inasema milioni 550. Mtafsiri asipotajwa, mhariri mmoja atasahihisha takwimu ya mwenzake, huyo atairudisha, na wote wawili watakuwa na kitabu mkononi.

Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa kale wa mabaharia na wafanyabiashara ambao hamwezi kuukwepa kwa kuwa unataja Rhapta, mji wa kale wa biashara kwenye pwani yetu, ni nyepesi zaidi. Haina jina la mwandishi, basi msilitafute. Andikeni Periplus 16, kisha toleo la Casson la 1989 liende kwenye orodha ya marejeleo. Mkataba wa mkopo wa safari ya Muziris, bandari ya kale ya India, ulioandikwa kwenye mafunjo, mtautaja kwa namba yake ya hifadhi, P.Vindob. G 40822.

Kwa maandishi ya leo, ushauri wangu ni mwandishi na mwaka, pamoja na ukurasa. Sisemi hivyo kwa sababu tanbihi ni mbaya. Wanahistoria wengi wanazipenda, na mimi ni mmoja wao. Tatizo ni kuandika kwa pamoja. Tanbihi inayosema "kama hapo juu" hutegemea ile iliyoitangulia. Mwenzenu akiingiza tanbihi mpya katikati, ile ya chini inaelekeza kwenye kitabu kingine, na hakuna anayeona kosa. Mkibaki na tanbihi, pigeni marufuku "kama hapo juu" na "kazi iliyotajwa". Kila tanbihi ijitegemee.

Vifupisho vya majina ya kazi za kale viachwe. Wataalamu wana orodha zao, lakini msomaji wa Kiswahili akiona "App. BC" atadhani ni tarehe ya kabla ya Kristo, kumbe ni vitabu vya Appianus kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Andikeni jina zima.

Ikiwa makala ilikuwapo kabla yenu na ina mtindo wake, ufuateni, hata kama hamuupendi. Mkitaka kuubadilisha, semezaneni kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha mtu mmoja afanye badiliko hilo peke yake, bila kugusa maandishi mengine katika uhariri huohuo, ili wenzake waweze kukagua kilichobadilika.