Barua kwa mwanangu: ufukwe wa miaka 40

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza swali moja ukaliwekea majibu matatu. Desemba hii ya 2026, mimi na mama yenu tukitimiza miaka 40 ya ndoa, mtupeleke ufukwe gani na wajukuu wote: Paje au Nungwi huko Unguja, au Diani huko Kenya? Mumeo anataka Paje kwa ajili ya ule mchezo wake wa kuvutwa na tiara juu ya maji. Wewe moyo wako uko Nungwi. Kaka yako anasema Diani kwa sababu kutoka Nairobi ni karibu. Mama yenu amesema popote, na wewe unaijua "popote" ya mama yenu ilivyo na masharti.

Mimi nasema Diani. Lakini hatutaenda tarehe 26, siku yenyewe ya ndoa yetu, na hilo ndilo nataka mnielewe kwanza, maana mmeshindana kuhusu mahali wiki nzima na hakuna aliyeutazama mwezi.

Nilipokuwa bandarini hapa Tanga, hatukuingiza meli bila kufungua kitabu cha maji kwanza. Pwani yetu hii, kuanzia huku mpaka Unguja na Mombasa, hufuata mwendo mmoja. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Na siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari haiendi mbali, tofauti ni mita moja hivi, na saa zake ni kinyume, maji yanajaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi.

Sasa hesabu nami. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 24 Desemba. Tarehe 26 mko katikati ya bamvua. Watoto wataamka, watakunywa chai, watavaa nguo za kuogelea, na bahari itakuwa inaondoka. Saa sita mchana, jua la utosi, mbele yao ni mchanga, mawe na vidimbwi. Maji yatarudi alasiri, wakati wale wadogo wameshachoka na wanalia. Halafu mtaniambia ufukwe ule haufai, kumbe ufukwe hauna kosa.

Mwezi utakuwa nusu tarehe 17. Kwa hiyo twende kuanzia Jumanne tarehe 15 mpaka Jumapili tarehe 20. Kila asubuhi bahari itakuwa ipo. Shule zimefungwa huku na Kenya pia, na bei za Krismasi, ambazo hupanda kote kuanzia tarehe ishirini na kitu, hazitatukuta. Mama yenu alianza kununa kwamba sherehe itatangulia siku yenyewe. Nikamwambia hata harusi yetu ilisogezwa mbele kwa ajili ya ruhusa yangu ya kazi, akanyamaza. Tarehe 26 tutakula pilau nyumbani, sisi wawili.

Turudi kwenye ufukwe. Paje ni pazuri, sina ubishi, na mumeo hajakosea kuhusu upepo. Lakini upande ule wa mashariki ya Unguja una kina kifupi sana mpaka kwenye mwamba, na maji yakitoka yanatoka kweli, unaweza kutembea muda mrefu bila kuyafikia. Ule mchanga unaobaki wazi si uwanja wa kuchezea tu. Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani pale tangu 1989, na maji kupwa ndiyo saa yao ya kazi. Sitaki wajukuu zangu wakimbie juu ya kamba na vijiti vya watu.

Nungwi ni kweli bahari haikimbii kama Paje, ndiyo sababu inasifiwa. Ila kina kinakuja haraka, na maji yakijaa sana kuna sehemu mchanga unamezwa mpaka kwenye kuta za hoteli, huna pa kupita. Kwa mtu mwenye magoti ya mama yenu, ngazi za kupanda na kushuka kila mara ni adhabu. Na kuna boti. Mama yenu na boti ya kwenda Unguja unawajua, sina haja ya kueleza.

Mdogo wako naye alipenyeza Mafia, kwamba Desemba papa potwe wapo Kilindoni. Wapo kweli, na ningependa kuwaona kabla sijafa. Lakini mama yenu hatashuka majini katikati ya bahari kumtazama samaki mkubwa kuliko daladala. Hiyo tuiache iwe safari ya wanaume.

Diani, basi. Sisi kutoka Tanga tunapanda basi la Mombasa, tunavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, tunashuka Ukunda, jirani na Diani; hatugusi Mombasa wala feri ya Likoni. Kaka yako atapanda treni ya SGR mpaka Mombasa, kisha achukue gari lipite barabara ya Dongo Kundu, asikwame Likoni na watoto. Mwenye safari ndefu ni wewe wa Dar es Salaam, nalijua hilo. Njoo siku moja kabla, ulale hapa, tuondoke pamoja. Hati za kusafiria za watoto zishughulikie sasa hivi, usingoje Novemba.

Na mumeo mwambie Galu, kusini kidogo ya Diani, kaskazi ikishavuma wachezaji wa tiara wapo. Katikati ya Desemba upepo huwa bado haujakomaa kama wa Januari, lakini hatakosa kabisa.

Hoteli ya kila kitu ndani mimi siitaki. Diani kuna nyumba za kupanga zenye jiko, na nyingi zina mpishi wake. Hapo mama yenu atakaa barazani, wavuvi watapita na samaki, atawapangia bei, atafurahi kuliko kupanga foleni na sahani mkononi. Ukiongea na mwenye nyumba, usimuulize kwanza kuhusu intaneti. Muulize kama chumba cha chini kina choo chake. Muulize ngazi za kushukia ufukweni ni ngapi na kama zina pa kushika. Muulize mbele ya nyumba ni mchanga mtupu au mawe, na maji yakijaa mchanga unabaki kiasi gani. Akikujibu kwa kukutumia picha, uliza tena. Madirisha yawe na wavu, maana tumbili wa kule wanaingia mpaka jikoni na kuondoka na mkate mzima. Mbega hawana shida, wao hukaa juu ya miti na majani yao.

Mchana maji yakipungua, watoto wanaweza kwenda kuangalia vidimbwi, lakini wavae viatu, kuna wale wa miiba mirefu myeusi kwenye mawe. Waende na mtu mzima anayejua kugeuka mapema. Maji yakirudi hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mkondo ulio kati ya fungu na pwani, na mtu hushtukia yuko kisiwani. Na kwenye mlango wa mwamba, pale mawimbi yasipovunjika, asiende mtu, hata mumeo na tiara yake.

Keki usilete kutoka Dar, itayeyuka Segera. Mama yenu anasema atapika vitumbua mwenyewe, mchele atatoka nao hapa.

Nyumba lipieni nyinyi kama mlivyoahidi. Samaki wa siku zote hizo ni juu yangu, na kaka yako asibishe.

Baba yako,
Tanga