Mypy kwenye pre-commit: kwanini majibu yanatofautiana

Ndugu, umesema mypy (zana ya kukagua aina za data kwenye msimbo wa Python) inapita ukiiendesha mwenyewe, lakini ndani ya pre-commit (zana inayoendesha ukaguzi kabla ya kila komiti ya git) inatoa majibu mengine. Sababu ni kwamba pre-commit huijengea mypy mazingira yake ya pembeni, yasiyo na maktaba za mradi wenu. Isipoiona maktaba ya pydantic, kwa mfano, kila kinachotoka huko inakihesabu kuwa Any, yaani aina yoyote ile, na ukaguzi unabaki jina tu. Unaweza kuziorodhesha maktaba kwenye additional_dependencies ndani ya mipangilio ya pre-commit, ila orodha hiyo husahaulika upesi. Mimi napendelea kuandika hook (hatua ya ukaguzi) ya repo: local yenye language: system, itumie mazingira yaleyale ya mradi. Ongeza pass_filenames: false na entry: mypy src, la sivyo itapewa faili zilizobadilika tu, na faili zinazozitegemea hazitakaguliwa.

Kama msimbo ni wa zamani, msiwashe strict (ukaguzi mkali wa mypy) mara moja. Watu wakizuiwa kila komiti watajifunza --no-verify, amri ya kuuruka ukaguzi, na hapo mmekwisha. Anzeni na folda moja, nyingine ziwekeeni ignore_errors (puuza makosa) kwenye mypy.ini, faili la mipangilio ya mypy. Na ukaguzi uleule urudiwe kwenye seva kabla ya kuunganisha matawi. Huko hakuna wa kuuruka kimyakimya. Ikiwa kasi inawakera, jaribuni dmypy, mypy inayobaki ikiendelea chinichini ili ukaguzi unaofuata uwe wa haraka.