Kwa wadogo zangu mnaoanza mwendo: anzeni na mchoro, fomula ziko palepale

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano na PCM, PGM au PCB, yaani michepuo yenye fizikia, mada ya mwendo itawakuta mapema sana, na wengi mtaiona nyepesi. Milinganyo ya mchapuko usiobadilika (mchapuko ni kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde) haizidi mitano. Mimi niliikariri yote jioni moja, nikaingia kwenye jaribio la kwanza nikiwa sina wasiwasi wowote, na nikafeli vibaya. Swali lililoniangusha nalikumbuka mpaka leo: jiwe linarushwa juu kutoka kwenye paa la jengo la mita 20, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Litafika chini baada ya muda gani?

Nilichukua 20, nikachukua 15, nikachukua 9.8 ya mvutano wa dunia, nikavitumbukiza kwenye fomula kama vilivyo, vyote chanya. Jibu likaja sekunde 1. Nikalipigia mstari mara mbili na kuendelea na swali la pili. Sikujiuliza kitu kimoja tu: jiwe lililorushwa juu kwa kasi ya 15 linapoteza 9.8 kila sekunde, kwa hiyo kupanda peke yake kunalichukua sekunde moja na nusu. Lingewezaje kupanda, kurudi na kushuka ghorofa zote zile ndani ya sekunde moja? Nilichokokotoa ni muda wa jiwe lililotupwa kuelekea chini, na sikuulizwa hilo.

Kosa halikuwa kwenye hesabu. Sikuchora. Siku hizi, kila ninapomsaidia mwanafunzi, namwomba aweke kalkuleta pembeni kwanza. Chora mstari wima. Weka sifuri mahali jiwe linapoachia mkono. Amua kwamba juu ni chanya, na ukishaamua usibadilishe mpaka swali liishe. Hapo kasi ya kuanzia ni +15, mchapuko ni −9.8 kwa sababu dunia inavuta chini, na ardhi iko −20 kwa sababu iko chini ya sifuri yako. Mlinganyo mmoja unatosha: −20 = 15t − 4.9t², ambapo t ni muda na 4.9 ni nusu ya 9.8. Jibu ni sekunde 4.07. Huna haja ya kukata safari vipande viwili, cha kupanda na cha kushuka. Ukivikata utapata jibu lilelile, ila utakuwa umefanya kazi mara mbili na kujiongezea nafasi ya kukosea.

Kwenye mchoro huohuo, tazama pale juu kabisa jiwe linapogeuka. Kasi yake ni sifuri kwa kitambo kidogo mno. Mchapuko wake je? Karibu kila mwaka nauliza swali hili, na wengi wananijibu sifuri. Ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki limening'inia hewani, maana hakungekuwa na kitu cha kuibadilisha ile kasi ya sifuri kuwa kasi ya kushuka. Mchapuko ni 9.8 kuelekea chini wakati wa kupanda, pale juu, na wakati wa kushuka. Kaa na jambo hili mpaka likukae. Ukilivuka bila kulielewa, litakurudia kwenye mwendo wa duara na kwenye mtetemo wa springi.

Lugha nayo inawaangusha wengi, na sioni ikisemwa vya kutosha. Tunasoma fizikia kwa Kiingereza, basi mwanafunzi anasoma swali, anaokota namba, anaacha maneno. Jizoeze kujisimulia swali kwa Kiswahili kabla hujaandika chochote. Kiswahili kitakulazimisha uchague: kitu kimedondoka, kimedondoshwa, kimetupwa au kimerushwa? Kilichodondoshwa na mtu aliyesimama kinaanza na kasi ya sifuri. Lakini mfuko wa mchanga ukiachiwa kutoka kwenye puto linalopanda kwa mita 5 kwa sekunde, unaanza na kasi hiyohiyo ya 5 kuelekea juu, na utapanda kidogo kabla ya kushuka. Aliyeokota namba bila kusimulia ataandika sifuri, na kila mstari unaofuata utakuwa na kosa.

Wasiokubali habari ya mfuko wa mchanga nawapandisha treni ya SGR, reli yetu ya kisasa, kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Treni ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa bila kubadilisha mwendo, dondosha chungwa kutoka kimo cha mita moja. Linaanguka miguuni pako, kana kwamba umekaa sebuleni. Sasa piga hesabu. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44.4 kwa sekunde, na chungwa linatumia sekunde 0.45 kufika sakafuni. Katika muda huo treni imesogea mita 20, na chungwa nalo limesogea mita 20, kwa sababu lilikuwa na kasi ya treni tangu likiwa mkononi mwako. Wewe unaliona likishuka wima. Mtu aliyesimama kando ya reli, kama angeweza kuona ndani, angeliona likichora mkunjo mrefu. Nyote wawili mko sahihi, na mkunjo huo ndio mwendo wa pande mbili.

Ukishalishika chungwa, mpira uliopigwa hautakutisha. Gawa karatasi safu mbili: kushoto mlalo, kulia wima. Upande wa mlalo hakuna mchapuko, ni kasi mara muda tu. Upande wa wima kuna jiwe letu lilelile, na −9.8 yake. Safu hizi mbili hazigusani mahali popote isipokuwa kwenye muda. Muda andika katikati, kwenye mstari unaozitenganisha, kwa sababu ni wa wote wawili. Nawasihi msichanganye kasi ya mlalo na mchapuko wa wima kwenye mlinganyo mmoja. Ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye karatasi za mada hii, na safu mbili zinalizuia.

Chukua mpira uliopigwa kwa mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 kutoka ardhini. Mlalo unapata 17.3, wima unapata 10. Safu ya wima inakupa muda: sekunde 1.02 kupanda na nyingine kama hizo kushuka. Muda huo unavuka mstari kwenda safu ya mlalo na kukupa mita 35.3. Sasa rudia kwa nyuzi 60. Mpira unapanda juu zaidi na kukaa hewani sekunde 3.53, lakini mlalo wake ni 10 tu, na unatua palepale, mita 35.3. Kwa nyuzi 45 unafika mita 40.8, mbali kuliko pembe yoyote nyingine. Fanya hesabu zote tatu kwa mkono wako. Usitafute fomula ya umbali wa mlalo kwanza. Fomula ile inafanya kazi pale tu mpira unapotua kwenye usawa ulioanzia, na watunga mitihani wanapenda sana kuuanzisha juu ya kilima. Uwanjani mpira hautafika hizo mita, kwa sababu hewa inaukinza. Mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, na vikafika chini pamoja. Maswali yetu mengi yanachukulia kwamba tuko mahali kama pale.

Na msikubali 9.8 kwa sababu tu imeandikwa. Simu nyingi hurekodi video ya picha 30 kwa sekunde. Chora mistari ya chaki ukutani kila baada ya sentimita 10, dondosha mpira mgumu mbele yake, mwenzako arekodi. Kisha tazama picha moja baada ya moja, uandike mahali mpira ulipo kila baada ya picha tatu, yaani kila sehemu ya kumi ya sekunde. Utapata vipande vinavyokaribia sentimita 5, 15, 25 na 34. Gawanya kwa kile cha kwanza: 1, 3, 5, 7. Galileo aliukuta mpangilio huu kwa kuviringisha mpira kwenye mfereji wa mbao ulioinamishwa, akipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo, na akauchapisha mwaka 1638. Nilipoziona namba hizo zikitoka kwenye ukuta wa bweni, mambo mengi ya darasani yalinifungukia kwa mara moja.

Mengine nitayapitia haraka. Kalkuleta ikikupa −0.988 kwa sin 30, haiko kwenye digrii, irekebishe kabla ya mtihani. Kilomita kwa saa zigawe kwa 3.6 kupata mita kwa sekunde. Gari likienda kilomita 120 kwa mwendo wa 40 na kurudi kwa 60, wastani wa kasi ni 48, si 50, kwa sababu limetumia saa tatu kwenda na mbili kurudi. Na kwenye grafu ya kasi na muda, mwinamo ndio mchapuko, eneo lililo chini ya mstari ndilo umbali. Bajaji inayofikia mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 5, ikashikilia kasi hiyo sekunde 20, kisha ikasimama ndani ya sekunde 4, imekwenda mita 245. Utapata jibu kwa pembetatu mbili na mstatili, bila fomula hata moja.

Mkimaliza hayo, jaribuni mtumbwi. Mto una upana wa mita 200, maji yanakwenda mita 3 kwa sekunde, nahodha anaweza kwenda mita 4 kwa sekunde kwenye maji yaliyotulia. Akielekeza chombo ng'ambo moja kwa moja, atavuka kwa sekunde 50, haidhuru maji yanakwenda kasi gani, ila atatua mita 150 chini ya pale alipokusudia. Hizo ni safu mbili zilezile, zenye muda katikati. Akitaka kutua mkabala na alikotoka, lazima aelekeze chombo upande maji yanakotoka, nyuzi 48.6 kutoka kwenye mstari wa moja kwa moja. Hapo kasi yake ya kuvuka inabaki mita 2.65 kwa sekunde, na sekunde 50 zinakuwa karibu 76. Choreni mishale mitatu, wa maji, wa chombo na wa safari yenyewe, halafu mniambie sekunde hizo 26 zimetoka wapi.