Usiigawe Samsara kabla hujaipa saa moja

Dada uliyeuliza kama uigawe Samsara, pafyumu ya Guerlain uliyozawadiwa, kwa kuwa ni nzito na inakuumiza kichwa, ngoja kwanza. Nimejipaka hiyo zaidi ya miaka kumi, na wiki ya kwanza nilikaribia kuigawa kama wewe.

Unapuliza mara ngapi? Mimi nilikuwa napuliza mara nne tano, shingoni na kifuani, kama nilivyozoea manukato mepesi ya kilimaulimau. Samsara huwezi kuitumia hivyo. Ni kazi ya mtengeneza pafyumu Mfaransa Jean-Paul Guerlain ya mwaka 1989, na miaka ile ilipenda pafyumu za kishindo. Puliza mara moja tu, tumboni chini ya nguo au nyuma ya magoti, mbali na pua yako. Mwili ukipata joto harufu itapanda yenyewe.

Lakini hasa nimeandika kwa ajili ya ule muda wa kusubiri. Robo saa ya mwanzo usiihukumu kabisa. Hapo unapata bergamoti (tunda la jamii ya limau), pichi, na langilangi tamu inayokaribia ndizi mbivu, vyote vinakujia kwa pamoja. Kisha asmini inafunguka, na nadhani hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Asmini halisi si utamu mtupu. Ndani yake mna indoli, kemikali ambayo ikizidi inanuka uozo, ila ikiwa kidogo ndiyo inayolifanya ua linukie kama ua bichi, si kama sabuni. Pua isiyoizoea hushtuka. Yangu ilishtuka.

Vumilia, maana nyuma ya asmini inakuja sandali, ule mti wa kunukia, na kwangu mimi Samsara ni hiyo sandali. Mafuta yake hukaa kwenye kiini cha mti na mizizini, ndiyo maana msandali hung'olewa mzima badala ya kukatwa tu. Harufu yake haina haraka ya kuruka hewani kama ya limau, kwa hiyo inakaa mwilini saa nyingi. Ile ya Mysore, India, iliyosifiwa kuliko zote, imeadimika na bei yake imepanda, na watengenezaji wengi sasa hutegemea sandali za maabara. Nina chupa mbili, ya zamani na mpya. Ya zamani ina ulaini kama maziwa yaliyochemshwa yakatulia. Mpya ni kavu zaidi, na maua yake yanatangulia mbele. Zote nazipenda, ila kama yako ni ya zamani, tafadhali sana usiitoe.

Aliyesema kwamba hii ni pafyumu ya mabibi, simwelewi. Asmini na sandali havina umri.

Siku moja nilivua mtandio niliokuwa nimeupulizia, nikaukunja na kuuweka kwenye droo. Siku ya tatu nilipoukunjua, langilangi haikuwapo, asmini ilibaki kwa mbali sana, na kitambaa chote kilinukia mbao iliyotoka kupigwa randa, imepakwa vanila. Nilikaa nao puani muda mrefu. Tangu hapo napuliza kwenye mtandio kwanza, halafu ndiyo mwilini (jaribu pembeni kwanza, inaweza kuacha doa kwenye kitambaa cheupe).

Na usiiweke dirishani. Chupa yangu ya kwanza ilikaa juani miezi kadhaa, ile harufu ya mwanzo ikageuka kali kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Rangi ikikolea peke yake usiogope, vanila hufanya hivyo kadiri miaka inavyopita. Kabatini, penye giza na ubaridi, inatosha.

Jaribu jioni moja ukiwa huna pa kwenda, tone moja tu. Kisha rudi utuambie mtandio wako unanukiaje siku ya tatu.